Hedhi isiporudi: kuishi na PCOS katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua

Wanawake wengi wenye PCOS (kifupi cha Kiingereza cha polycystic ovary syndrome, hali ya homoni inayovuruga upevukaji wa mayai) hupata ujauzito baada ya muda mrefu wa vipimo, vidonge vya kupevusha mayai na kusubiri, na mtoto anapozaliwa huona kwamba ugonjwa umeshindwa na kwamba hakuna haja tena ya kurudi kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Kwa bahati mbaya sivyo ilivyo. Ujauzito hauponyi PCOS. Huituliza kwa muda, na kunyonyesha huifunika kwa muda mwingine tena. Mwanamke ambaye kabla hajashika mimba hedhi yake ilikuwa ikipotea hata miezi minne kwa mfululizo anaweza kufika mwezi wa nane baada ya kujifungua bila kuona damu, asijue kama ni kwa sababu mtoto ananyonya au ni kwa sababu ovari zake zimerudia mtindo wa zamani. Kuyatenganisha mambo hayo mawili ndiyo kazi kubwa ya mwaka wa kwanza, na karibu kila kinachofuata hapa kinaelekea huko.

Ni vizuri kuanza na kinachotokea mwilini. PCOS humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Jina lake, lenye maana ya ovari zilizojaa vivimbe, limewapotosha watu tangu madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, walipoieleza hali hii mwaka 1935. Vile vidoa vyeusi vinavyoonekana kwenye altrasaundi si uvimbe wa kukatwa. Ni vifuko vidogo vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani kabla yai halijapevuka. Kinachovikwamisha ni wingi wa androjeni, yaani homoni zinazojulikana kama za kiume, na kwa wanawake wengi nyuma ya androjeni hizo kuna insulini ambayo mwili hauitikii inavyopasa. Mwili hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili sukari ishuke, na insulini hiyo ya ziada huzichochea ovari kutengeneza androjeni zaidi. Wakati wa ujauzito kondo la nyuma ndilo linaloongoza homoni. Likishatoka, homoni zake hushuka ndani ya siku chache, na ovari zinabaki na tabia zile zile zilizokuwa nazo. Wapo wanawake ambao mizunguko yao hunyooka baada ya kuzaa, na umri nao husaidia kadiri miaka inavyosonga, lakini hilo ni jambo la kushukuru likitokea, si la kulipangia.

Maziwa katika wiki za mwanzo

Swali la kwanza mara nyingi si la hedhi bali la maziwa. Baadhi ya wanawake wenye PCOS hupata maziwa machache, kwa kuwa insulini na homoni nyingine zinazovurugika katika hali hii zinahusika pia katika kukuza na kuendesha tezi za maziwa. Wengine hawapati shida yoyote, na wapo wanaolalamikia wingi. Kwa hiyo usiingie chumba cha kujifungulia ukiwa umekwisha kata tamaa, ila mweleze mkunga mapema kwamba una PCOS, hasa kama matiti yako hayakubadilika kabisa wakati wa ujauzito, ili mtoto awekwe kifuani ndani ya saa ya kwanza na ufuatiliwe kwa karibu. Katika siku za mwanzo mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, kwa sababu titi linaloachwa limejaa hupokea ujumbe wa kupunguza uzalishaji.

Namna ya kujua kama anapata maziwa ni kumsikiliza na kumtazama, si kulipapasa titi. Mwanzoni mtoto hunyonya harakaharaka kwa midundo mifupi. Maziwa yakianza kushuka, mdundo hubadilika: taya linashuka polepole, linasimama kidogo likiwa chini, kisha unasikia mmezo. Mtoto anayekaa titini dakika arobaini bila mimezo ya aina hiyo amejiegesha tu, hajala. Kuanzia siku ya tano hivi alowanishe nepi zisizopungua sita kwa siku, na kufikia mwisho wa wiki ya pili awe amerudia uzito aliozaliwa nao. Asipofikia hapo, jambo la kwanza ni mtu mwenye ujuzi kuangalia jinsi anavyoshika titi; la pili ni kukamua baada ya kunyonyesha; na ikibidi kumwongezea maziwa mengine, aongezewe. Mama mwenye PCOS aliyefanya yote haya na bado maziwa hayatoshi hajashindwa kitu. Homoni zake ndizo zilivyo, na mtoto anayenyonya kidogo na kuongezewa bado ananufaika na kile kidogo.

Jambo moja lisichanganywe na PCOS. Kama ulipoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa hayakutoka kabisa, na baadaye hedhi nayo haikurudi huku ukiwa na uchovu usioelezeka, mwambie daktari historia hiyo kwa mpangilio huo huo, kwa sababu kuvuja damu kupita kiasi kunaweza kuidhuru tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayoamuru homoni nyingine, na tatizo hilo lina tiba yake tofauti.

Ziara ya wiki ya sita

Katika ziara hii macho yote huwa kwa mtoto: anapimwa, anachomwa sindano, anasifiwa, na mama anaulizwa swali moja la jumla ambalo hulijibu kwa neno moja. Mwenye PCOS asikubali kuondoka hivyo. Andika unayoyataka kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, kwa kuwa mtu aliyelala saa nne kwa vipande hawezi kukumbuka kitu mbele ya daktari.

La kwanza katika karatasi hiyo liwe sukari. PCOS huongeza uwezekano wa kisukari cha mimba, na aliyekipata ana hatari kubwa ya kupata kisukari cha aina ya pili miaka inayofuata, hata kama sukari ilishuka siku ile ile aliyojifungua. Kipimo kinachopendekezwa ni kile cha kunywa glukosi, kati ya wiki ya 4 na ya 12. Unafika ukiwa hujala kwa saa zisizopungua nane, unatolewa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji, unakaa bila kula saa mbili, kisha unatolewa damu tena. Ni asubuhi nzima, kwa hiyo nenda na mtu wa kukushikia mtoto. Ukiambiwa kwamba kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kitatosha, uliza kwa heshima kama matokeo yake yanaaminika muda mfupi hivyo baada ya kujifungua, kwa sababu damu iliyopotea na upungufu wa madini ya chuma huyavuruga. Hata asiyekuwa na kisukari cha mimba, madhali ana PCOS, apimwe sukari kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu.

La pili ni shinikizo la damu, ambalo hupimwa kwa dakika mbili na lisingepaswa kuombwa. Kumbuka tu kwamba hatari ya kifafa cha mimba haiishi siku ya kujifungua: katika wiki za mwanzo, maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, macho kuona ukungu au maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri ziara.

La tatu ni uzazi wa mpango, na hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa.

«Nilihangaika miaka mitano, kinga ya nini?»

Maneno haya husemwa na wanawake wengi wenye PCOS, na baadhi yao hurudi kliniki na mimba ya pili kabla wa kwanza hajatembea. Yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza, si baada yake. Kwa hiyo mwanamke anaweza kushika mimba bila kuona tone la damu tangu alipojifungua. Asiyenyonyesha anaweza kupevusha yai ndani ya mwezi wa kwanza. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa takriban asilimia 98, ila kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Kwa mwenye PCOS sharti la tatu ni dhaifu zaidi, kwa kuwa kutokuona hedhi kwake hakuthibitishi chochote. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri walau miezi 24 baada ya mtoto kuzaliwa kabla ya kutafuta mimba nyingine. Mwenye umri uliosogea, ambaye anaona muda unamkimbia, azungumze na daktari wake kuhusu kuufupisha muda huo kwa kiasi, badala ya kuuacha mwili uamue wenyewe.

Kuhusu njia yenyewe, vidonge vya homoni mbili (estrojeni na projestini) ndivyo vinavyotumika sana kutuliza dalili za PCOS, lakini si vya sasa hivi. Wiki tatu za mwanzo havifai kwa mama yeyote kwa sababu ya hatari ya damu kuganda, na hadi wiki sita kwa mwenye sababu nyingine za kuganda damu. Anayenyonyesha kwa kawaida hushauriwa kuviepuka mpaka mtoto afike miezi sita. Kitanzi cha shaba, kitanzi chenye homoni, kijiti cha mkononi na vidonge vya homoni moja havina kikwazo hicho. Kwa maoni yangu kitanzi chenye homoni kinastahili kufikiriwa kwanza na mwenye PCOS, kwa sababu pamoja na kuzuia mimba kinaulinda ukuta wa ndani wa mji wa mimba usinenepe, faida ambayo umuhimu wake utaonekana punde. Sindano ya miezi mitatu ni nzuri kwa wengi, lakini uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho, na mtu ambaye tayari hupata mimba kwa shida hana sababu ya kujiongezea mashaka hayo.

Daftari la hedhi

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Damu ya uzazi huweza kuendelea hadi wiki sita, na hiyo si hedhi. Baada ya hapo, kwa anayenyonyesha, prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa inayopanda kila mtoto anaponyonya, huuzuia ubongo kuziamuru ovari, na ukimya huo ni wa kawaida hata ukifika mwaka. Unapaswa kupungua kadiri mtoto anavyoanza kula na kuacha kunyonya usiku. Chukua daftari dogo, na kila wiki andika mambo matatu: mtoto amenyonya takriban mara ngapi kwa siku, kama kuna damu yoyote na imedumu siku ngapi, na kama kuna dalili zinazorudi, kama vile chunusi za kidevuni au nywele mpya usoni. Ukurasa unaosema «mara kumi, hakuna, hakuna» hauna la kutisha. Ukurasa unaosema «mara mbili, hakuna, chunusi zimerudi», ukifuatiwa na wiki kumi zinazofanana nao, unaelekeza kidole kwenye ovari.

Kanuni ya kushika ni hii: mtoto akishaacha kunyonya, au anyonyapo mara chache tu kwa siku, na miezi mitatu ikapita bila hedhi, pima mimba kwanza, kisha nenda kwa daktari. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba hunenepeshwa na estrojeni, na projesteroni inayotoka baada ya yai kupevuka ndiyo huukomaza na kuuwezesha kubomoka kama hedhi. Yai lisipopevuka, ukuta unaendelea kunenepa mwezi baada ya mwezi, na unene huo ukiachwa miaka unaweza kugeuka kuwa saratani. Ndiyo maana daktari anaweza kukupa vidonge vya projestini, dawa inayofanya kazi kama projesteroni, kwa siku kadhaa ili utoe damu, walau kila baada ya miezi mitatu. Damu inayokuja bila mpangilio, nzito, au isiyokatika ni ya kuonyeshwa pia. Hiyo si hedhi iliyorejea, mara nyingi ni ukuta uliozidiwa unaomeguka vipande vipande. Yote haya hayamhusu mwenye kitanzi cha homoni, kijiti au vidonge, ambaye damu yake inaongozwa na dawa anayotumia.

Kuhusu dawa za PCOS zenyewe, metformini, inayousaidia mwili kuitikia insulini, huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana na kwa kawaida huruhusiwa kwa anayenyonyesha. Letrozoli na dawa nyingine za kupevusha mayai husubiri mtoto aache kunyonya. Dawa za kupunguza androjeni, kama spironolaktoni na finasteridi, zinaweza kumdhuru mtoto wa kiume akiwa tumboni, kwa hiyo haziandikwi bila njia ya uhakika ya kuzuia mimba. Zile chai na unga zinazouzwa mitandaoni kwa ahadi ya kusafisha kizazi na kusawazisha homoni ziache kabisa. Unachokunywa kinaweza kumfikia mtoto kupitia maziwa, na muuzaji hawezi kukueleza kilichomo.

Nywele zinazodondoka na uchovu

Miezi mitatu hivi baada ya kujifungua, nywele huanza kutoka kwa mafungu bafuni na kwenye kitana. Wenye PCOS hushtuka kuliko wengine kwa kuwa wameshawahi kuziona nywele zao zikipungua. Nywele za baada ya uzazi hutoka kichwa kizima na hurudi zenyewe kufikia mwaka. Za androjeni hupungua taratibu utosini na kwenye njia ya kati, huku zile za kidevuni zikiongezeka. Kabla ya kuilaumu PCOS, omba kipimo cha tezi ya shingo (thairoidi). Uvimbe wa tezi hiyo baada ya kujifungua si jambo adimu, nao huleta uchovu, nywele kutoka, mabadiliko ya uzito na hedhi kuvurugika, yaani dalili zile zile ambazo mwenye PCOS amezoea kuzibeba bila kuuliza.

Chakula, mwili na usingizi

Hakuna mlo mmoja uliothibitika kuishinda milo mingine yote katika PCOS, na anayekuuzia mlo huo anakuuzia jina. Kinachosaidia ni chakula kamili kinachopunguza vyakula vya sukari na wanga uliokobolewa, chenye protini na nyuzinyuzi za kutosha, kiliwacho kwa saa zinazoeleweka. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi, si pungufu. Kupungua hadi nusu kilo kwa wiki, baada ya maziwa kukaa sawa, hakudhuru unyonyeshaji. Kwa mwenye uzito uliozidi, hata asilimia 5 huleta tofauti katika insulini na mizunguko: kwa mwenye kilo 80, hizo ni kilo nne. Mwenye uzito wa kawaida naye anaweza kuwa na PCOS, na hana sababu ya kujikondesha.

Lengo la mazoezi ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaoongeza mapigo ya moyo, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli, kwa kuwa msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini inapolegea. Katika miezi ya mwanzo zigawanye dakika hizo katika vipande vya dakika kumikumi. Matembezi na mtoto mgongoni au kwenye kigari yanahesabika. Aliyejifungua kwa upasuaji asinyanyue vizito mpaka aruhusiwe. Kuhusu usingizi sina la kumdanganya mama wa mtoto mchanga, isipokuwa hili: kukosa usingizi kunaufanya mwili uiitikie insulini kwa shida zaidi, kwa hiyo mtu akiomba kukusaidia, asipike wala asifue, amshike mtoto ulale. Na kama unakoroma sana na kuamka ukihema, mwambie daktari, kwa maana kukatika kwa pumzi usingizini ni kwingi zaidi kwa wenye PCOS.

Huzuni isiyoondoka

Machozi ya siku chache za mwanzo ni ya kawaida na hukauka ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au ikiwa hufurahii chochote, hulali hata mtoto alalapo, au unajiona mzigo, hiyo ni sonona, nayo huwapata wenye PCOS zaidi ya wenzao. Yapo maswali kumi yaliyotungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987 ambayo muuguzi anaweza kukuuliza kwa dakika tano. Omba uulizwe, na lile la mwisho, la kujidhuru, lijibu kwa ukweli. Wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto likikujia, usibaki peke yako nyumbani. Mwambie mtu aliye karibu na mwende hospitali wakati huo huo. Dawa za sonona zinazofaa kwa anayenyonyesha zipo.

Mtoto mwingine, na binti uliye naye

Ukiamua kutafuta mimba nyingine, usisubiri mwaka mzima kama wanavyoambiwa wenye hedhi iliyonyooka; hedhi ikiwa inakuja kwa kupishana muda mrefu, nenda mapema ukiwa na daftari lako, sukari na shinikizo vipimwe kwanza, na asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku ianze kabla ya mimba. Wengine hushika mimba ya pili kwa urahisi kuliko ya kwanza, na wengine hurudia dawa zile zile zilizowasaidia mwanzo.

Wenye mabinti huuliza kama ugonjwa huu unarithiwa. Huelekea kuwamo katika familia, lakini mtoto mdogo hana cha kupimwa. Hata akivunja ungo, mizunguko ya miaka ya mwanzo huyumba kwa msichana yeyote, na altrasaundi ya ovari haipendekezwi kwa uchunguzi wa PCOS mpaka ipite miaka minane tangu hedhi yake ya kwanza. Mpaka hapo, inatosha kuhifadhi kumbukumbu za vipimo vyako mwenyewe, kwa kuwa siku daktari wake atakapouliza historia ya mama, majibu yatakuwa humo.